Meza ya Mwenye Kazi: Watunzi wa Katuni wa Kujitegemea na Wasomaji Wao

Katika tasnia ya vitabu vya katuni nchini Marekani, mtunzi wa kujitegemea ni yule anayeandika na kuchora hadithi yake, akabaki na hakimiliki yake, na mara nyingi akagharamia uchapaji kwa fedha zake bila kusubiri kampuni kubwa impe kazi. Mtunzi wa namna hii hukutana na wasomaji wake hasa katika maonyesho ya katuni, yaani mikusanyiko ya siku chache inayofanyika katika kumbi za hoteli au vituo vya mikutano, ambako wachapishaji, wachoraji, wauzaji na mashabiki huwa chini ya paa moja. Makutano hayo huelezwa mara nyingi kama sherehe, ambapo shabiki humwona kwa macho mtu aliyezoea kumsoma, akapata saini yake na kupiga naye picha. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaacha nje jambo la msingi, kwa kuwa meza ya maonyesho ni chombo cha biashara ambacho kimelea sehemu kubwa ya katuni za kujitegemea kwa zaidi ya miaka arobaini. Nguvu ya chombo hicho inatokana na hali moja isiyopatikana kwa urahisi kwingineko katika tasnia hiyo, nayo ni kwamba anayeuza kitabu ndiye aliyekitunga na ndiye mwenye mali.

Msomaji asiyeonekana

Uzito wa jambo hilo unaeleweka vizuri zaidi pale inapokumbukwa jinsi mtunzi alivyotengwa na kazi yake hapo awali. Mwaka 1938 vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza haki zote za mhusika wao Superman kwa mchapishaji aliyewalipa dola 130, na wakati mhusika huyo alipogeuka kuwa mgodi wa fedha, wao walibaki kuwa vibarua wa hadithi waliyoianzisha wenyewe. Utaratibu huo ulikuwa wa kawaida: mchoraji alilipwa kwa ukurasa, kurasa zikawa mali ya kampuni, na kwa miaka mingi hata jina lake halikuwa na uhakika wa kuchapwa.

Mfumo wa usambazaji nao uliongeza umbali huo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, vitabu vya katuni viliuzwa katika vibanda vya magazeti na maduka ya mitaani kwa mali kauli, kwa maana kwamba mwenye kibanda alipokea nakala, akalipia zile zilizouzwa, na zilizobaki akazirudisha au akachana majalada na kuyatuma kama ushahidi kwamba hazikuuzika. Mchapishaji aliyeweza kubeba hasara ya nakala zilizorudishwa alikuwa ni yule mwenye mtaji mkubwa na vichwa vingi vya kuuza, na kwa sababu hiyo mtu mmoja mwenye hadithi moja hakuwa na nafasi katika mlolongo huo. Baadhi ya wachoraji walijaribu kuukwepa kwa njia za moja kwa moja kabisa. Mfano unaojulikana sana ni wa Robert Crumb, ambaye mwaka 1968 aliuza nakala za toleo la kwanza la Zap Comix mitaani San Francisco, zikiwa zimepakiwa kwenye kigari cha kusukumia mtoto.

Mashabiki, kwa upande wao, walikuwa wameanza kutafutana. Katika miaka ya 1960 kurasa za barua katika vitabu vya katuni zilichapisha anwani kamili za waandishi wa barua, na kutokana na anwani hizo wasomaji waliandikiana, wakatoa vijarida vyao, na kufikia mwaka 1964 wakakutana New York katika moja ya mikusanyiko ya kwanza ya aina hiyo. Mwalimu wa shule kutoka Brooklyn, Phil Seuling, aliyeandaa maonyesho makubwa ya New York tangu mwishoni mwa muongo huo, aliona kwamba watu waliojaa ukumbini walikuwa tayari kununua vitabu ambavyo mwenye kibanda hakuvijali. Mwaka 1973 alikubaliana na wachapishaji wamuuzie kwa punguzo kubwa zaidi, kwa sharti kwamba nakala zisizouzwa hazirudishwi. Mpango huo ndio ulioanzisha soko la moja kwa moja, yaani mfumo wa maduka maalumu ya katuni yanayoagiza idadi kamili ya nakala na kubeba yenyewe hasara ya zinazobaki. Kwa kuwa mchapishaji sasa alijua idadi ya nakala zilizoagizwa kabla ya kwenda kiwandani, hata mtu mwenye mtaji mdogo aliweza kuchapa bila kuhofia mafuriko ya nakala zinazorudi.

Kutoka Portsmouth hadi Northampton

Watunzi wa kwanza kuitumia nafasi hiyo walianza mwishoni mwa miaka ya 1970: Dave Sim nchini Kanada alianzisha Cerebus mwaka 1977, na mwaka uliofuata Wendy Pini na mumewe Richard wakaanzisha ElfQuest, ambayo baadaye waliichapisha kupitia kampuni yao wenyewe. Hata hivyo, tukio lililowafanya wengi waamini kwamba jambo hilo linawezekana lilitokea Mei 1984 katika maonyesho madogo yaliyofanyika hotelini mjini Portsmouth, jimbo la New Hampshire. Wachoraji wawili wasio na jina kubwa, Kevin Eastman na Peter Laird, walifika hapo na toleo la kwanza la Teenage Mutant Ninja Turtles, hadithi ya kasa wanne wanaojua mapigano ya Kijapani, ambayo walikuwa wameichapa kwa rangi nyeusi na nyeupe, nakala zipatazo 3,000, kwa fedha za marejesho ya kodi na mkopo wa jamaa. Kila nakala iliuzwa kwa dola moja na nusu, na baada ya wiki chache shehena yote ilikuwa imekwisha.

Kilichofuata kinajulikana duniani kote kupitia televisheni, filamu na wanasesere, lakini kwa mada yetu muhimu ni kwamba kasa hao waliendelea kuwa mali ya wale waliowachora, na kila kampuni iliyotaka kutengeneza kitu chenye sura zao ililazimika kwenda kuzungumza nao. Pale kampuni ya Viacom iliponunua haki hizo mwaka 2009, ililipa dola milioni 60, na tofauti kati ya kiasi hicho na dola 130 za Siegel na Shuster haielezwi kwa kupanda kwa bei za maisha peke yake. Inaelezwa pia na swali la nani alikuwa na hati ya umiliki mkononi wakati soko lilipoamka.

Mafanikio hayo yalileta pia madhara yake. Katikati ya miaka ya 1980 waigaji walijazana sokoni na vitabu vya rangi nyeusi na nyeupe, walanguzi wakavinunua kwa matumaini ya kuviuza ghali baadaye, na soko lilipoanguka kuelekea mwaka 1987, wenye maduka walibaki na marundo ya vitabu ambavyo kwa mujibu wa mkataba hawakuweza kuvirudisha. Tangu hapo mwenye duka akawa mwangalifu mno kwa jina asilolijua, na mtunzi mpya akajikuta tena mbali na msomaji, safari hii akizuiwa na hofu ya muuzaji. Katika mazingira hayo ndipo kundi la watunzi, wakiwemo Eastman, Laird, Sim na Scott McCloud, lilipokutana Northampton, Massachusetts, mwaka 1988 na kukubaliana juu ya tamko lenye haki 12 za watunzi, la kwanza likiwa ni haki ya kumiliki kikamilifu kile mtu alichokitunga. Tamko halikuwa na nguvu ya sheria, lakini liliweka kwenye maandishi msimamo ambao meza ya maonyesho ilikuwa tayari inautekeleza.

Hesabu na adabu za mezani

Meza yenyewe ni ndogo kuliko sifa zake. Katika maonyesho mengi mtunzi hukodi meza moja au nusu yake, akatandika kitambaa alichokuja nacho, akapanga vitabu kwenye vishikio vya waya ili majalada yaonekane na mpita njia, akabandika orodha ya bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na kuweka kando chenji ya noti ndogo au kifaa cha kupokea malipo ya kadi. Nakala moja huachwa wazi kwa ajili ya kupekuliwa, na mtunzi mzoefu hujifunza kutomkodolea macho anayeipekua, kwa sababu msomaji anayehisi kubanwa huirudisha nakala na kuendelea na njia. Msomaji makini huruka jalada na kufungua ukurasa wa katikati, kwa kuwa jalada linaweza kuwa limechorwa kwa ustadi wa siku nyingi, ilhali ukurasa wa katikati huonyesha kama mchoraji anajua kupeleka jicho kutoka fremu moja hadi nyingine. Swali ambalo mtunzi huulizwa kuliko mengine yote ni hadithi inahusu nini, na jibu lisilotosha sentensi mbili humpoteza mnunuzi. Ndiyo maana wapo wanaosema kwamba siku moja ya kulirudia jibu hilo kwa wageni huwafundisha mengi kuhusu hadithi yao kuliko wiki nzima ya kuketi nayo peke yao.

Hesabu inayofanyika hapo ni rahisi. Kitabu cha dola 10 kinapopitia kwa msambazaji na kisha dukani, mchapishaji hupokea takriban dola nne, ambazo kutokana nazo hulipa kiwanda cha uchapaji na usafirishaji kabla ya kujua kama kimebaki chochote. Kitabu hicho hicho kikiuzwa mezani, dola zote 10 huingia mkononi mwa mtunzi, na gharama zinazobaki ni uchapaji, kodi ya meza, nauli na malazi. Kwa hiyo nakala chache zinazouzwa ana kwa ana zinaweza kuleta faida ambayo ingehitaji nakala nyingi zaidi kupitia madukani, na mtunzi asiye na jina, ambaye duka lingeagiza nakala mbili tu au lisiagize kabisa, ana kila sababu ya kufunga safari. Sababu hiyo iliongezeka uzito mwaka 2009, wakati Diamond, msambazaji aliyeshika karibu soko lote la maduka ya katuni ya Marekani, alipopandisha kiwango cha chini cha maagizo kwa kila kitabu hadi dola 2,500, na vitabu vingi vidogo vikaachwa nje ya katalogi yake.

Fedha si mapato pekee ya mezani. Mtunzi hupata pale taarifa ambayo msambazaji hawezi kumpa: huona ni ukurasa gani unaomfanya mtu acheke, ni jalada gani linalopuuzwa, na ni umri gani wa wasomaji unaorudi kuuliza toleo linalofuata. Gene Luen Yang, ambaye kitabu chake American Born Chinese kilitoka mwaka 2006 na kuwa riwaya ya katuni ya kwanza kuingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani, alikianza kama vijitabu vya kudurufu ambavyo alivipiga pini mwenyewe na kuviuza katika maonyesho, kwa idadi ndogo mno isiyoweza kumlisha mtu. Miaka kadhaa kabla, mwaka 1997, alikuwa amepewa ruzuku ya uchapaji na Wakfu wa Xeric, mfuko ulioanzishwa na Peter Laird mwaka 1992 kwa fedha zilizotokana na kasa wake, na ambao kwa miaka ishirini ulisaidia watunzi waliotaka kujichapishia. Njia ya fedha hizo, kutoka meza moja ya Portsmouth hadi meza ya kijana mwingine California, ingekuwa vigumu kupatikana endapo haki za kasa zingeuzwa siku ya kwanza.

Maonyesho yanapozidi ukubwa

Kadiri maonyesho yalivyokua, nafasi ya mtunzi wa kujitegemea ndani yake ilizidi kuwa finyu. Maonyesho ya San Diego, ambayo mwezi Agosti 1970 yalivuta watu wapatao 300 katika hoteli ya U.S. Grant, siku hizi hupokea zaidi ya watu 130,000, na wengi wao huenda kwa ajili ya filamu, michezo ya video na waigizaji mashuhuri. Mtu anayepanga foleni kwa saa nyingi ili aingie ukumbi wa filamu hana muda wa kupita polepole mbele ya meza ya mchoraji asiyemjua, na mchoraji huyo analipia malazi katika mji ambao bei za vyumba hupanda sana wiki hiyo.

Jibu la watunzi lilikuwa kuanzisha maonyesho yao. Mwaka 1994 yalianza Small Press Expo mjini Bethesda, Maryland, na Alternative Press Expo huko San Jose, California. Baadaye yakafuata mengine kama MoCCA Fest ya New York mwaka 2002 na tamasha la sanaa ya katuni la Toronto mwaka 2003, ambalo kwa miaka mingi liliwaachia watu kuingia bila kiingilio na lilifanyika katika maktaba kuu ya marejeo ya mji huo. Maonyesho haya hayana mabanda ya kampuni za filamu, na anayeingia mlangoni amekuja kutafuta vitabu asivyovijua. Bethesda, waombaji walipozidi meza zilizopo, waandaaji walianza kugawa sehemu ya nafasi kwa bahati nasibu, ili mgeni asizuiwe milele na wenyeji waliozoeleka. Huko pia hutolewa tangu mwaka 1997 Tuzo za Ignatz, zilizopewa jina la panya mrusha matofali katika katuni ya kale ya Krazy Kat ya George Herriman. Kamati ya watunzi huteua majina, na washindi huchaguliwa kwa kura za waliohudhuria. Mshindi huondoka na tofali halisi. Upigaji kura huo unampa msomaji cheo ambacho soko la maduka halimpi, kwa kuwa kauli yake juu ya ubora wa kitabu huhesabiwa hata kama hana fedha za kununua vyote alivyovipenda.

Wahusika wa kuazima

Hoja ya umiliki, hata hivyo, inakabiliwa na ushahidi unaoipinga, na ushahidi huo unaonekana kwa yeyote anayetembea katika sehemu ya wachoraji ya maonyesho makubwa. Meza nyingi hapo huuza picha za mashujaa mashuhuri ambao mchoraji hana haki nao, kwa sababu mpita njia anayemtambua Spider-Man kwa mbali hutoa noti haraka kuliko anayeombwa aisikilize hadithi mpya. Kampuni zenye haki hizo mara nyingi hulifumbia macho jambo hilo, lakini kufumba macho si ruhusa, na mchoraji anayelipia meza yake kwa wahusika wa kuazima hujenga umaarufu wa mali ya mwingine. Baadhi ya wachoraji hujitetea kwamba picha hizo ndizo zinazolipa nauli iliyowafikisha na vitabu vyao, na utetezi huo una ukweli ndani yake, ingawa kila nafasi ya meza inayotolewa kwa picha hizo inapunguzwa kutoka kwa vitabu.

Mfano wa Japani unaonyesha kwamba uhusiano wa ana kwa ana unaweza kusimama hata pale umiliki unapolegea. Comiket, soko la vitabu vya kujichapishia lililoanza Tokyo tarehe 21 Desemba 1975 likiwa na vikundi 32 na watu wapatao 700, limekua na kuwa mkusanyiko mkubwa kuliko mingine ya aina yake, unaofanyika kwa kawaida mara mbili kwa mwaka na kuvuta mamia ya maelfu ya watu. Kila kikundi hupewa nusu ya meza, yenye upana wa takriban sentimita 90, na sehemu kubwa ya vitabu vinavyouzwa hutumia wahusika wa kazi za watu wengine, jambo ambalo wenye haki huko wamelivumilia kwa muda mrefu. Waandaaji hushikilia kanuni kwamba hakuna wateja katika Comiket: wauzaji, wanunuzi na wanaojitolea kusimamia wote huitwa washiriki, na wote hutarajiwa kubeba wajibu wa kulifanya soko liende. Vikundi vingi havipati faida, wala havikuanzishwa kwa ajili hiyo. Kwa hiyo ukaribu wa mtunzi na msomaji unaweza kuzaa jumuiya bila umiliki, lakini mtunzi anayetaka kuishi kwa kazi yake anahitaji vyote viwili, na aghalabu Mjapani anayefikia hatua hiyo huacha wahusika wa kuazima akaanza hadithi yake.

Gharama na kipimo

Upo pia upande wa gharama ambao mashabiki huuona kwa nadra. Mtunzi aliyekaa mezani siku mbili hajachora kwa siku hizo mbili, na akijumlisha safari na maandalizi amepoteza sehemu nzuri ya wiki ya kazi. Mauzo yasipofikia kodi ya meza, nauli na chumba, amelipa fedha ili afanye kazi. Kuzuka kwa uchangishaji wa umma mtandaoni, hasa baada ya Kickstarter kuanzishwa mwaka 2009, kulimwezesha mtunzi kukusanya fedha za uchapaji kabla ya kuchapa, na mwaka 2020, wakati ugonjwa wa korona ulipofuta maonyesho karibu yote, wengi waligundua kwamba wangeweza kuuza bila kusafiri. Hata hivyo, waliofanikiwa zaidi kwa njia hiyo mara nyingi walikuwa wale ambao tayari walikuwa na orodha ya wasomaji, na orodha hizo kwa sehemu kubwa zilikuwa zimekusanywa jina kwa jina kwenye karatasi iliyoachwa pembeni mwa meza.

Kutokana na hayo, idadi ya watu waliopita mlangoni ni kipimo kibovu cha mafanikio ya maonyesho ya katuni. Kipimo kinachofaa ni watunzi wangapi walirudi nyumbani wakiwa wamepata gharama ya kuchapa toleo linalofuata, wakiwa bado wanamiliki lile lililotangulia. Kwa kipimo hicho, uamuzi unaoonekana kuwa wa kiutawala tu, kama vile bei ya nusu meza, namna ya kugawa nafasi, na kama kiingilio kinammalizia msomaji fedha kabla hajafika kwa mchoraji wa kwanza, ndio unaoamua ni hadithi zipi zitaendelea kuandikwa. Waandaaji wanaoweka bei hizo, kwa hiyo, hufanya kazi ya uchapishaji hata kama hawajawahi kuhariri ukurasa mmoja, na wanastahili kuulizwa maswali yale yale ambayo watunzi waliokutana Northampton waliwauliza wachapishaji.